Viatu Vilivyotanuliwa

Fundi viatu akianza kutanua viatu vyake mwenyewe, mkewe ana haki ya kuuliza. Na mke wa Gundi aliuliza, tena si mara moja, ila Gundi alikuwa haambiliki hasemezeki. Safari ya kwanza alisema ngozi imenywea kwa mvua. Safari ya pili alisema ngozi za siku hizi ni takataka tupu. Safari ya tatu alimpa mgongo. Alichukua kalibu, ule mguu wa mbao ambao fundi hujengea kiatu juu yake, akachagua ya saizi iliyopanda, akaisukumiza ndani ya kiatu chake na kukaza.

"Baba watoto, mtu mzima haongezeki mguu," mkewe akamwambia.

"Mimi ndiye ninayeishi na miguu ya watu, mama watoto. Wewe ishi na sufuria zako."

Mama watoto alikuwa mpishi wa shule, na sufuria zake zilikuwa kubwa kiasi cha mtu kuogea, kwa hiyo hakuona tusi hapo. Aliona kitu kingine. Soksi za mumewe zilipovuliwa jioni ziliacha mfereji mguuni. Mumewe alikuwa hataki tena kulala chali. Alijirundikia mito mgongoni akakaa nusu wima, akijitia anasikiliza redio, na redio yenyewe imezimwa. Kikohozi nacho hakikumwacha. Kila akiulizwa alijibu kwamba ni harufu ya gundi.

Jina hilo la Gundi alipewa na mtaa, na mtaa haukukosea. Kwanza alinuka gundi hata siku za mapumziko. Pili, akishaamua jambo, habanduki. Duka lake lilikuwa chumba chembamba kati ya kinyozi na muuza ndoo, viatu vimepangwa ukutani hadi darini, na katikati pana kiti cha wateja na kipande cha mpira sakafuni. Mteja hukaa kitini. Gundi hupiga magoti juu ya ule mpira, hushika kisigino cha mteja, huzungusha kamba ya kupimia, na hapo huwa hasemeshwi.

Binti yake wa mwisho, Kitinda, alifanya naye kazi tangu alipomaliza shule. Alibandika soli, alishona, alipaka rangi, alipokea wateja na kuwatuliza waliokasirika. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na Gundi alilijua hilo vizuri ingawa asingelitamka hata kwa dawa. Ila kupima mguu wa mteja hakumruhusu.

"Sikukusomesha uje upige magoti mbele ya vidole vya watu," alimwambia kila alipoomba.

"Mbona wewe unapiga, baba? Umepungukiwa nini?"

"Magoti yangu yanatosha nyumba nzima."

Basi ikawa hivyo. Nyumba nzima ilisimama juu ya magoti ya mtu mmoja, naye alijivunia hilo.

*

Siku mambo yalipoharibika, mwalimu mkuu alikuwa kitini. Huyu alikuwa na miguu mipana isiyolingana, wa kulia na wa kushoto kama ndugu wa mama mbalimbali, na hakuna duka lililoiweza isipokuwa Gundi. Gundi akapiga magoti, akamvisha kiatu kipya cha kulia, akafunga kamba, akabonyeza ncha kwa kidole gumba aone dole kubwa limefika wapi. Kiatu kilikaa. Akanyoosha mkono achukue cha kushoto, na pumzi ikakataa.

Haikukatika ghafla. Ilikuja nusu, halafu robo. Kichwa chake kikaegemea goti la mwalimu mkuu.

"Fundi, umeangusha msumari?" mwalimu mkuu akauliza, akachungulia sakafuni amsaidie kuutafuta.

Kitinda ndiye aliyeuona uso wa baba yake, midomo imegeuka rangi ya majivu. Alirusha brashi. Mwalimu mkuu akamshika Gundi makwapani, akamwinua kama mtoto aliyesinzia mezani, mbele ya kinyozi na wateja wake waliojazana mlangoni na sabuni mashavuni. Fedheha hiyo Gundi aliihisi hata katika hali ile. Alichomudu kusema ni kimoja tu.

"Usikanyage nje na hicho kiatu. Soli haijakauka."

Mwalimu mkuu alikanyaga. Alifika hospitali amembeba Gundi ubavuni, mguu wa kulia kiatu kipya, wa kushoto kiatu kikuukuu.

*

Walimweka Gundi kitanda cha dirishani, wakampa hewa ya mtungi na sindano ya kutoa maji. Alikwenda haja mpaka akaona aibu. Siku iliyofuata wakampaka kitu baridi kifuani, wakapitisha chombo, na moyo wake ukaonekana kwenye kioo cha mashine. Gundi aliutazama sana. Alidhani angeona kitu cha kutisha. Aliona kitu kinachofanya kazi kwa shida, kama mtu anayefunga mzigo kwa mkono uliokufa ganzi.

Jioni daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya taratibu, akaketi nao. Mke alikuwepo, Kitinda alikuwepo, na dada yake Gundi, shangazi wa Kitinda, naye alishafika na kanga ya kujifutia machozi tayari begani.

"Moyo wa mzee umedhoofika," daktari akasema. "Umeshindwa kufanya kazi yake sawasawa."

"Umeshindwa?" Shangazi akadakia. "Sasa huyu aliyelala hapa anaishi kwa kitu gani?"

"Haujasimama, mama. Watu wengi wakisikia moyo umeshindwa, wanadhani umezimika. Unapiga. Ila kila ukipiga, unasukuma damu kidogo kuliko mwili unavyohitaji. Basi damu inayorudi inakuta foleni mlangoni. Inasubiri, presha inapanda nyuma yake, na maji yanajipenyeza nje ya mishipa. Yakishuka chini, miguu inavimba. Yakiingia mapafuni, ukilala chali unajiona unazama."

Gundi aligeuza kichwa. Hakuwahi kumwambia mtu kwamba akilala anazama. Hata mkewe hakumwambia, na mkewe alilala pembeni yake akisikiliza redio iliyozimwa.

Daktari alifunua shuka, akabonyeza mguu wa Gundi juu kidogo ya kifundo. Alipoondoa kidole, shimo likabaki.

"Ngozi ukiilowesha hufanya hivyohivyo," Gundi akasema polepole. "Ukibonyeza inashika alama."

"Basi unalijua jambo hili. Uvimbe ulianza lini?"

Gundi akatazama dirisha.

"Ametanua viatu vyake mara tatu," Kitinda akasema.

Daktari aliweka kalamu chini. "Mzee, viatu vilikuwa vinakuambia unaumwa, na wewe ukavinyamazisha."

Mke wa Gundi alishika ncha ya shuka akawa anaikunja na kuikunjua, kwa uchungu na hasira pamoja. Yakatoka mengine. Miaka mingi nyuma Gundi aliambiwa ana presha. Akanywa dawa, akajiona mzima, akaziacha. Presha haikumwacha, moyo ukasukuma dhidi yake miaka yote hiyo mpaka ukachoka. Na miguu ilipoanza kuuma akawa anajinunulia vidonge vya maumivu dukani, ambavyo baadhi yake, daktari alisema, hushikilia maji na chumvi mwilini na kuzidisha yaleyale.

"Atapona?" mke akauliza.

Daktari hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Huu ni ugonjwa wa kuishi nao. Ninao wagonjwa wenye moyo kama huu, wanafanya kazi, wanalea wajukuu. Wengine, wakishika dawa, moyo unajipatia nguvu kidogo. Wanaoletwa hapa hoi, wengi ni wale waliojiona wamepona wakaacha dawa wenyewe. Dawa hizi nyingine zinaupunguzia moyo mzigo, na hii ndogo nyeupe inatoa maji, utakwenda haja mara nyingi. Chumvi ipunguzeni sana. Apimwe uzito kila asubuhi, na ukipanda upesi ndani ya siku chache, au miguu ikivimba, au akitaka mito zaidi, msisubiri. Mleteni."

"Na kazi?" Gundi akauliza. Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwake tangu alipofumbua macho.

"Kazi utafanya. Kwa kiasi, na uwe na msaidizi."

"Sina haja ya msaidizi," Gundi akasema. Kitinda, aliyekuwa amemshikia bilauri ya maji, aliinama.

*

Shangazi alitangulia kufika mtaani, na mdomo wake ulitangulia zaidi. Gundi aliporudi nyumbani alikuta watu wameshaanza kumwita marehemu kimoyomoyo. Walikuja, wakakaa, wakamtazama kama nyumba inayotaka kuuzwa. Fundi mwenzake wa sokoni alikuja na pole, na baada ya pole akaulizia ile cherehani ya kushonea ngozi, kama ipoipo tu.

Mke wa Gundi akamtolea uvivu. "Cherehani iko mahali pake, na mwenyewe yuko pale anakunywa chai. Muulize yeye, unaogopa nini?"

Yule bwana akakumbuka ana shughuli. Gundi, ambaye alisikia yote, alimtazama mkewe kwa jicho la zamani, lile la ujana, na mkewe akajifanya anatafuta kawa.

Chakula kikawa bila chumvi. Mama watoto, aliyelisha shule nzima kwa mkono wake na kusifiwa, alipika ndimu, vitunguu na pilipili kadiri ya akili yake, na Gundi alitafuna kama anatafuna karatasi.

"Watu walikuwa wananisifu kwamba nimekula chumvi nyingi," akasema. "Kumbe walikuwa wananitabiria."

"Kula. Mimi nakula hichohicho."

Na kweli alikula hichohicho, yeye na Kitinda, hakuna aliyeficha kikopo cha chumvi uvunguni. Mizani waliinunua, ikawekwa karibu na mlango, na Gundi akapanda kila asubuhi akinung'unika kwamba anapimwa kama mchele. Ila alipanda. Uvimbe ukashuka. Mito ikapungua. Akarudi dukani, mtaa ukashangaa, fundi wa sokoni akabadilisha njia.

Tabu ilikuwa kile kidonge cheupe. Choo cha safu ile ya maduka kilikuwa uani, na ufunguo ulining'inia kwa kinyozi, juu ya kioo. Gundi alipokwenda kuuchukua mara ya kwanza, kinyozi alimsalimia. Aliporudi tena, alitabasamu. Aliporudi tena, akasema kwa sauti ya kuchekesha genge, "Mzee Gundi, leo umekunywa bahari?" Vichwa vyote vilivyokuwa vinanyolewa vikageuka. Kinyozi hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu na ulimi usiopumzika, na kila siku alibuni neno jipya. Wateja wakaanza kulingoja.

Gundi alijikaza kisabuni, akajichekesha nao. Halafu siku moja hakwenda kuuchukua ufunguo. Wala siku ya pili yake. Kinyozi akadhani mzee amepona.

*

Mama mmoja muuza vitambaa alikuja kuchukua viatu alivyoviacha rafu ya juu kwa muda mrefu. Kitinda alivishusha, akavipangusa vumbi. Yule mama akaingiza mguu, akasita, akautoa, akakung'uta kiatu mkononi. Vidonge vyeupe vichache vikamdondokea kiganjani.

"Siku hizi viatu vyenu vinakuja na dawa?"

Kitinda alivitambua papo hapo. Alivipokea, akaomba radhi, akafunga viatu vya mama yule kwenye mfuko, akamsindikiza mlangoni kwa heshima zote. Kisha aliangalia nyuma ya duka. Pale kwenye kigoda, viatu vya baba yake vilikuwa vimeingizwa kalibu, vimekazwa, vinatanuliwa upya. Na ile mizani ya nyumbani? Asubuhi mbili hizo baba alidai amechelewa, na yeye akaamini.

Gundi alikuwa ameketi pembeni, miguuni soksi tupu, nyundo mkononi, hapigi kitu.

"Baba, kaa."

"Nimekaa."

"Kaa kwenye kiti cha wateja."

Tangu alipokinunua kiti hicho, Gundi hakuwahi kukikalia. Alikwenda kwa sababu hakuwa na pumzi ya kubishana. Kitinda akapiga magoti juu ya kile kipande cha mpira.

"Inuka," Gundi akasema.

"Siinuki."

"Nimesema inuka. Watu wakipita?"

"Wapite. Waone binti anampima baba yake."

Akamvua soksi, akashika kisigino kama alivyoona kikishikwa maisha yake yote. Mguu ulikuwa mzito na unang'aa. Akazungusha kamba ya kupimia katikati ya mguu, akaibana kwa ukucha palipokutana. Kisha alisimama, akaenda ukutani, akashusha kalibu moja nyeusi kwa uzee, ile ambayo Gundi alijichongea mwenyewe alipokuwa bwana harusi. Akaizungushia kamba ileile. Kamba ikazunguka, ikazidi, ikabaki inaning'inia.

"Huu wa mbao ni wewe," Kitinda akasema. "Na huu wa nyama ni wewe. Kilichozidi hapa ni maji, baba. Na yako kifuani vilevile."

Gundi alitazama ile ncha inayoning'inia. Vipimo hakuwahi kubishana navyo.

"Unajua ilivyo kuomba ufunguo wa choo kutwa nzima?" akasema mwishowe, sauti imeshuka. "Mtaa huu ulinijua kwa nyundo. Sasa unanijua kwa choo. Sikutaka kufa, mwanangu. Nilitaka niwe kama nilivyokuwa, siku mbili tatu tu."

Kitinda alimwonea huruma, na palepale alitamani kumtikisa. "Ungeniambia."

"Nikwambie wewe uende ukaniombee ufunguo?"

"Ndiyo. Niende nikuombee. Ulitupigia magoti sisi sote, na mimi hutaki nikupigie hata mara moja?"

Gundi alifunika uso kwa mkono wenye gundi. Hakuinua mguu wake kutoka mikononi mwa binti yake.

*

Mama watoto aliitwa, akaacha ugali na mwiko wake kwa msaidizi, wakaenda hospitali siku hiyohiyo. Gundi akalazwa tena, maji yakatolewa tena. Daktari alipoelezwa habari za kinyozi hakukaripia.

"Kwa nini hukuniuliza, mzee? Dawa hii saa yake inapangika. Tunaweza kuangalia uinywe ukiwa nyumbani, upumzike, halafu uende dukani. Nilichokataza ni kupanga peke yako."

Gundi alijiona mjinga, na akasema hivyo. "Nilijiona mjinga kuuliza. Kumbe ujinga ulikuwa kutouliza."

Mkewe naye hakulala na lake. Kesho yake aliingia kwa kinyozi, kumejaa, akasimama katikati na aproni yake ya jikoni.

"Mume wangu ana ugonjwa wa moyo. Dawa yake inatoa maji yanayomzamisha kifuani. Akija kuomba ufunguo, anakuja kuomba uhai wake. Nani ana utani wa kuongeza hapo?"

Kinyozi akaizima mashine ya kunyolea. Aliushusha ufunguo, akauchukua yeye mwenyewe hadi kwa fundi makufuli, akarudi na mwingine mpya, akaugongelea msumari ndani ya duka la Gundi. Kuomba radhi kulimshinda. Alisema tu kwamba ukuta wa Gundi unahitaji rangi na akiwa na nafasi atakuja kupaka.

*

Mwalimu mkuu alirudi siku moja kuchukua kiatu chake cha kushoto. Alikuwa amevaa kile cha kulia pamoja na kikuukuu chake, maana alidai hakustahili kubadilisha mpaka fundi asimame.

Gundi alikuwa kwenye kigoda chake, anakata ngozi taratibu, miguuni ana viatu vipya vyeusi. Vile vilivyotanuliwa alivikatakata akavifanya viraka. Hivi vipya vilishonwa na Kitinda kwa kalibu ile ya zamani. Alipomkabidhi, Gundi alivigeuza kwenye nuru ya mlango, akapitisha ukucha kwenye mshono, akanusa, akakunja soli, akatafuta kosa kwa nguvu zake zote. Alilipata moja, tundu la kamba lililokwenda pembeni kidogo, akamwonyesha. Kisha akavivaa na hakuvivua mpaka usiku. Sasa kila asubuhi, akishatoka kwenye mizani, binti yake humfunga kamba, na kamba zikifika mahali pake pa kila siku, wote wawili hushusha pumzi.

"Fundi, hujambo?" Mwalimu mkuu akakaa kitini, akanyoosha mguu wa kushoto. "Nimekuja unimalizie."

Gundi hakuweka kisu chini. Kwa kichwa alimwonyesha Kitinda, na Kitinda alikuwa ameshapiga magoti juu ya kile kipande cha mpira, kamba ya kupimia shingoni, kisigino cha mwalimu mkuu kimetulia kiganjani mwake.

"Samahani," mwalimu mkuu akasema, "mimi nilimzoea fundi mwenyewe."

"Fundi ndiye huyo," Gundi akasema. "Mimi ni baba yake."

Kinyozi, aliyekuwa mlangoni na kopo la rangi, alifungua mdomo aseme neno, akaufunga. Kitinda hakuinua kichwa. Alikuwa anazungusha kamba, na alipokuwa anapima hakutaka kusemeshwa.